Fundi Aliyetaka Kuupaka Mlango Wangu

Fundi hakuweza kupita mbele ya mlango bila kuujaribu. Akija kwako, kabla hajakusalimia, anaufungua, anaufunga, anaufungua tena, kichwa ameinamisha kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto. Akimaliza ndipo anasema, "Mwaitu, habari ya hapa," na wewe umesimama na mwiko mkononi ukingoja kuambiwa kama mlango wako utapona. Alikuwa hivyo Kibera, akawa hivyo Kawangware. Siku moja tulienda naye ofisi fulani kufuatilia kitambulisho chake kilichopotea, akaanza kuutikisa mlango wa karani. Askari akamuuliza kama ni mwizi. "Mwizi angenyamaza," akamjibu. "Mimi nakwambia bawaba yenu ya juu imekufa."

Jina lake nililisikia siku hiyo tu, karani alipoliita, nikageuka kutafuta ni nani huyo anaitwa. Kwetu alikuwa Fundi. Kulikuwa na fundi wa nguo, fundi wa viatu, fundi wa simu, na hao wote walihitaji maelezo. Yeye hakuhitaji. Alitoka Machakos, mimi Kitui, akaniita mwaitu, yaani mama yetu, ingawa umri wake ulikuwa wa kuwa kaka wa mama yangu. Zaidi ya hapo hatukuulizana ukoo.

Sasa nikianza kumsema mtaniona mkali. Niacheni niwe mkali. Nilimsifu miaka mingi sana na hakuna aliyenikataza.

Mikono yake ilikuwa mibaya kuitazama. Kucha mbili zilikuwa nyeusi daima, na kidole cha shahada kilikatwa ncha na msumeno zamani, akawa bado anawaelekezea watu vitu kwa kile kile kidole. Lakini mkono ule ulikuwa na utulivu nisiowahi kuuona kwa mtu mwingine. Angeweza kuchora mstari wa penseli kwenye ubao wa futi saba bila rula, ukaweka rula, ukakuta ni sawa. Mama yangu alikuwa akisema Fundi angekuwa mwalimu wa mwandiko kama angesoma. Mama yangu hakusifu watu ovyo.

Na ulimi alikuwa nao. Mama mmoja wa mtaa wa Olympic alimletea mlango wenye ufa, akataka ufa uzibwe kwa unga wa mbao na gundi halafu upakwe rangi, asubuhi ile ile, kwa sababu wageni wanakuja. Fundi alimtazama kutoka viatu hadi nywele. "Nikipaka rangi, ufa unaenda wapi? Unaenda likizo?" Mama akasema yeye ndiye mteja. Fundi akasema basi aende akawe mteja pengine. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Nilikuwa nikikisimulia kisa hicho kila mahali kuonyesha jinsi Fundi asivyoweza kuvumilia uongo.

Kwa kweli hakuwa akipaka rangi kabisa, katika miaka yake ya Kawangware. Milango yake uliinunua ikiwa mbao tupu, au bati tupu kwenye fremu, rangi ujitafutie mwenyewe. Wateja walinung'unika. Wengine walihamia kwa mafundi wa ng'ambo ya barabara waliokuwa wakiipaka bluu na kijani na kuichora maua. Yeye akasema kazi yake ni mlango. Katika kibanda chake ungekuta gundi, misumari ya kila saizi, tapentaini ya kusafishia, lakini mkebe wa rangi hungeuona.

Isipokuwa mlango wangu. Wangu, Fundi alitaka kuupaka rangi. Alinisumbua na jambo hilo miaka kumi na zaidi, na ili mwelewe ni lazima niwaeleze ule mlango.

Kibera tulikuwa milango sita kwenye mstari mmoja, ukishuka kutoka Makina, upande wa juu wa choo cha umma. Yote sita aliitengeneza Fundi: fremu ya mbao, bati lililonyoshwa kwa nyundo. Wa tatu ulikuwa wangu mimi, mama yangu na binti yangu Mwende. Wa sita, ule wa mwisho, ulikuwa wake mwenyewe. Mwende alikuwa darasa la pili wakati huo, mwembamba, tumbo linamsumbua kila wiki kwa ajili ya maji. Leo ana mtoto wake.

Watu wa serikali waliokuwa wakipima barabara mpya walikuja Jumatano moja na kamba zao za kupimia na mkebe wa rangi nyekundu. Kila nyumba iliyokuwa kwenye njia ya barabara wakaitia X na namba. Walianzia kule chini wakapanda, wakafika kwenye choo, wakaishia hapo na namba sitini na mbili. Wakafunga mkebe wakaenda. Kabla ya jioni habari ilikuwa imeenea: wenye alama watapewa vyumba kwenye magorofa mapya. Mfereji wa maji ndani ya nyumba! Choo chako, ufunguo wako! Sisi wa juu ya choo hatukuwa na alama. Aki, sijawahi kuona wivu kama ule. Watu waliokuwa wakiazimana chumvi wakaacha kusalimiana. Mama yangu, aliyekuwa akiuza githeri dirishani, alikuwa akiwapimia wa chini kijiko kisichojaa.

Jumapili ile nilikuwa kazini Industrial Area, tulikuwa tukipakia biskuti. Narudi saa nane mchana, naona watu wamejaa nje wakishangilia. Milango yetu imetiwa alama! X nyekundu, na namba: sitini na tatu, sitini na nne, sisi sitini na tano, hadi sitini na saba. Nilipiga vigelegele nikiwa bado sijaweka mkoba chini. "Tumehesabiwa! Mama, tumehesabiwa!" Mama alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mikono ameifumbata kwenye leso. Hakupiga kigelegele. Nilidhani furaha imemzidi.

Ni mlango wa sita tu uliosahauliwa. Wa Fundi. Tulimhurumia, nakwambia! Tulienda mmoja mmoja kumpa pole. "Wamekupita Fundi, lakini tutaenda kuwaambia warudi." Yeye akasema si kitu, msihangaike. Mimi nilimkaangia chapati nne siku hiyo, nikazifunika kwa sahani, nikampelekea mwenyewe ili asijione mpweke.

Siku ya tisa lilikuja tingatinga. Asubuhi, na polisi. Dereva hakuuliza mtu jina, alifuata rangi. Kilichokuwa na nyekundu kilienda chini. Hatukupewa ufunguo, hatukupewa barua. Tulipowafuata watu wa barabara kwenye hema lao wakiwa na orodha, karani alilamba kidole, akafungua ukurasa wa mwisho, akasema hakuna sitini na tatu. Orodha inaishia sitini na mbili. Tukamwambia njoo uone, iko kwenye milango! Akasema milango si orodha. Tukajua tumeliwa: kuna watu wakubwa wameandikisha majina yao mahali pa majina yetu. Nani hangejua hivyo? Nairobi hii?

Barabara yenyewe haikupita kwetu. Ilipita chini. Pale petu pamebaki uwanja wa matope mpaka leo, watu wanaanika nguo.

Nyumba ya Fundi ilibaki imesimama peke yake. Watu wakasema Mungu anampenda Fundi.

Ukuta wetu ulipoanguka, mlango ulilala chini mzima, fremu na bati, X yake ikitazama juu. Nilikodi mkokoteni nikaupeleka Kawangware, nikapanga chumba kwenye ploti ya mzee mmoja, nikamwomba aniruhusu niweke mlango wangu. Na nikaapa sitaipaka ile alama rangi. Nilikuwa nimeandamwa maisha yangu yote na hiyo X. Shuleni iliniambia nimekosa. Kwenye fomu za hospitali waliniambia nitie X kwa sababu jina langu waliona nachelewa kuliandika. Sasa ilikuwa imeniambia niondoke duniani. Nikasema haya basi, nitalala nyuma yako kila siku, na asubuhi nitatoka nikiwa hai. Nilikuwa nimefutwa na sikufutika. Hiyo ndiyo maana niliyoipa, na ilinishikilia siku nisizokuwa na kitu kingine cha kushika.

Mwenye ploti alikuja wiki ya kwanza na bakora yake. Wenye ploti wale ni watu wa pale pale tangu babu zao, wana ploti na hawana mchezo. "Wewe mama, hii kitu gani umeniletea? Wapangaji wakiona X watafikiria ploti yangu inabomolewa!" Nikamwambia ilishabomolewa, hii ndiyo iliyobaki, haiwezi kubomolewa mara mbili. Akafikiri. Akacheka, meno yote nje, akaenda zake. Baadaye nilipoanza kulea watoto wa wanawake wanaoenda kazini, nikapata jina bila kulitafuta: kwa Mama wa X. Mpaka leo mtu akishuka Kawangware na mtoto mgongoni anaelekezwa hivyo.

Mama yangu hakuuvuka ule mlango kamwe. Wiki ile ile ya tingatinga alirudi Kitui. Alikuja Kawangware kunitembelea mara moja, akakaa nje kwenye kiti siku nzima, akasema jua ni zuri. Nilimtolea chakula huko nje kama mgeni. Alifariki mwaka wa pili. Nilisema ni huzuni ya Kibera iliyomuua, na nilisema hivyo mbele ya watu kwenye maziko, Fundi akiwa amesimama palepale na koleo. Alikuwa amesafiri nasi usiku kucha kuja kumzika, na jeneza ni yeye aliyelitengeneza, bila kutaka chochote.

Maana na yeye alihama. Mwaka haujaisha, nyumba yake iliyokuwa imesimama salama akaiacha, akaja kupanga Kawangware, mitaa miwili kutoka kwangu. Tukamuuliza, kwani una wazimu? Akasema kule kumekuwa kimya.

Ndipo alipoanza. "Mwaitu, niupake ule mlango. Kijivu. Hutalipa."

"Hapana, Fundi."

"Basi nikutengenezee mpya. Mvule."

"Mvule nipeleke wapi mimi? Acha mlango wangu."

Krismasi aliniuliza. Mwende alipofunga ndoa aliniuliza, akasema bibi harusi hawezi kutoka nyuma ya kitu kama kile. Mvua zikianza aliniuliza, akisingizia kutu. Mara moja nilirudi kutoka sokoni nikamkuta amechuchumaa mbele ya mlango na msasa mkononi, hajaugusa, anautazama tu. Nilimfukuza na ufagio, watoto wakicheka. Nilidhani ni kiburi cha fundi: kwamba kazi yake imechafuliwa na mjinga wa serikali na hawezi kulala. Nilimtania kwa hilo. "Kubali tu, Fundi, kuna mtu alishika brashi kwenye mlango wako na akaandika vizuri kuliko wewe." Hakuupokea utani. Alikuwa akiondoka.

Kuna vijana wa mtaa walioisikia hadithi ya mlango wakaja kuupiga picha. Wazuri tu, wana nywele za kila rangi. "Mathe, hii mlango iko na story noma," mmoja akaniambia, na kabla ya mwezi walikuwa wamechapisha X yangu kwenye fulana nyeusi, na namba sitini na tano chini yake. Wakamwendea Fundi na moja ya bure. "Buda, si wewe ndio uliunda mlango? Shika yako." Alishukuru. Kesho yake nilipita nikamkuta anaifutia gundi mezani. Nilimtukana siku hiyo, nakiri. Nilimwambia roho yake imekauka kama mbao zake. Aliendelea kufuta.

Kanisani pia. Kila mwaka ninasimama na kutoa ushuhuda wa mlango, na watu wanalia, wengine wanashikana mikono. Kila mwaka, nikifika pale Jumapili niliporudi nikakuta alama, Fundi anainuka kutoka benchi la wazee anaenda kukagua mlango wa kanisa. Unamsikia nyuma, kwii, kwii, wakati mimi nimefikia tingatinga. Mchungaji alizoea. Akasema kila mtu ana njia yake ya kuomba.

Lakini ubaya huo wote niliufunika kwa jambo moja. Wale jirani zetu wanne walitawanyika: mmoja Kangemi, mmoja Dagoretti, wawili walirudi kupanga Kibera. Kila Jumamosi Fundi alifunga nyundo na patasi kwenye gunia akaenda kwa miguu, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, kukaza bawaba, kubadilisha komeo, kuziba panapoingiza panya. Hakulipwa, hakunywa hata chai. Viatu vilimwisha kwa matembezi yale. Mimi nilikuwa nikiwaambia watu, mkitaka kumwona mtakatifu msingoje mbinguni, nendeni Jumamosi mkamwangalie Fundi akivuka barabara na gunia.

Sasa hapo ndipo ningeacha, kama mtu angeniuliza mwaka jana.

Mwaka huu alipata kiharusi. Upande wa kulia ukalala, mkono ule, wa mistari. Binti yake akanipigia simu asubuhi moja, akasema baba anakuita, hataki mtu mwingine, na leo anaongea vizuri. Nilimwachia Mwende watoto, nikabeba machungwa, nikaenda.

Alikuwa amekaa kitandani amevaa shati safi. Binti akatutilia chai, akatoka kwenda kufua. Karibu na mto kulikuwa na kikopo cha tapentaini kimetiwa brashi, na kando ya kitanda kipande cha bati kilichopakwa kijivu, mistari mistari, mingine imepinda vibaya, mingine afadhali.

"Ninajifunza na huu wa kushoto," akasema.

Nikacheka. Nikamwambia, "Kwani hujachoka tu? Nimeshakwambia hapana."

"Mwaitu, kaa."

"Nimekaa."

"Wale watu wa barabara hawakufika kwenu." Alikuwa akiongea polepole, mdomo unamvuta upande mmoja. "Waliishia chooni. Ile rangi ya Jumapili ilikuwa yangu."

Sikumwelewa. Nilimwelewa, lakini nilikuwa bado naangalia chungwa mkononi. Kwenye ukuta nyuma yake alikuwa ameegemeza mbao zake za zamani, zenye vipimo alivyoandika kwa penseli. Sitini na nne. Sitini na tano na nusu. Sita yenye tumbo wazi, isiyofungwa, mkia umepinda kwa ndani. Ile sita nimeifungua na kuifunga kila siku ya Mungu. Nimeifuta vumbi kwa kitambaa chenye maji.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Mama yako alikuja kwangu."

"Usimtaje mama yangu."

"Alikuja. Alisema mtoto anakwisha kwa kuhara, akipata nyumba yenye mfereji atapona. Wengi walikuwa kanisani, wewe kazini. Akaniomba mlango mmoja. Mmoja tu. Nikamwambia mmoja peke yake utaonekana wa uongo, tukitia tutie mstari mzima, tufuatishe namba." Akapumzika. "Yeye ndiye alinishikia mkebe."

Nilitaka kusema ni mwongo. Lakini nikamwona mama kwenye ndoo, mikono ndani ya leso, na nikajua alichokuwa akificha kwenye vidole. Aliishi na siri hiyo Kitui mpaka kufa. Alikula chakula changu nje juani.

"Mstari mzima," nikasema. "Mstari ulikuwa milango sita, Fundi."

Akakisogeza kikopo cha tapentaini.

"Ulitia mitano. Wako hukuutia."

"Rangi iliisha."

Nje binti yake alikuwa akisuuza nguo, nilisikia maji. Fundi akaangalia ule mkono wake uliolala juu ya blanketi.

"Haikuisha," akasema. "Ilibaki nusu mkebe. Nilisema nione kwanza."

Nione kwanza! Jamani. Mimi, mama yangu, mtoto anayehara, watu wanne na familia zao, tulikuwa kipande cha mbao cha kujaribia msumeno. Tungepata magorofa, angechukua brashi akajiongezea sitini na nane. Hatukupata, akalala kwenye nyumba yake. Na mimi nikamkaangia chapati nne! Nilisimama. Nilitaka kumpiga, nisiseme uongo, nilitaka kumpiga mzee mgonjwa kwa mfuko wa machungwa. Nikamuuliza kama alizila. Akasema hakuzila. Nikamwambia angezila, zilikuwa nzuri, ndani nilitia mafuta ya nguruwe ya Krismasi niliyokuwa nimeyaweka.

"Na miaka yote hiyo," nikasema, "unaniacha nasimama mbele ya kanisa. Unaniacha nawaambia watoto wa watu. Jumamosi zako zile unatembea na gunia nakuita mtakatifu, unaitika."

"Sikuitika."

"Hukukataa!"

Machozi yalimtoka jicho moja, lile la upande mzima. Nilifurahi kuyaona na nikajichukia kwa kufurahi, yote kwa pamoja.

"Niambie nikusamehe basi. Si ndicho ulichoniitia?"

Akatikisa kichwa. "Hapana, mwaitu. Hilo sikuombi. Niache niupake tu. Binti atanishika, nitapaka na huu wa kushoto. Sitaki nife na mwandiko wangu uko pale." Akakivuta kile kipande cha bati juu ya mapaja kunionyesha. Mistari mitatu ya mwisho ilikuwa imenyooka. Alikuwa amefanya kazi, mzee yule.

Nikaitazama rangi yake ya kijivu. Nilijua ningeweza kusema ndiyo. Ni mlango tu, na alama yenyewe ni ya uongo, iliandikwa na jirani yangu na mama yangu kwa mapenzi na woga, na si serikali iliyonifuta. Nilifutwa na watu waliokuwa wakinipenda. Lakini asubuhi zote zile nilizotoka mle ndani hazikuwa za uongo. Nilitoka mimi. Watoto wote wale wamejifunza kutembea wakiushika ule mlango. Sikuwa na mahali pengine pa kuziweka asubuhi zile.

"Ukiipaka, Fundi," nikamwambia, "mimi nitabaki na nini?"

Nilingoja, maana nilitaka kweli anijibu. Alikuwa mtu wa majibu. Chai ilikuwa imeshika utandu. Nikaweka machungwa kitandani, nikachukua mkoba wangu, nikaenda kuwapikia watoto wa watu uji.